Kidonge hakilali mwilini

Maneno tuliyosema mbele ya wanachama kwenye mkutano wa mwezi



Mulituomba tukuje kuongea juu ya vidonge vya kupanga uzazi, na tunajua sababu. Kwa mkutano uliopita mama mmoja alisema vidonge alivyokunywa kule kambini vilimuharibu tumbo, ndiyo maana hazali. Mwingine akamujibu: "Mimi niliacha, nikasema dawa ingali mwilini, kumbe nilikuwa nimekwisha kubeba mimba." Walionekana kama wanabishana. Lakini sisi tuliona wamejikwaa kwa jiwe moja: wote wawili waliamini kidonge kinabaki ndani ya mwili. Leo tuondoe jiwe hilo.

Kidonge kinafanya nini? Kinazuia yai la mama lisitoke, na kinafanya ute wa mulango wa kizazi kuwa mzito ili mbegu ya baba isipite. Kazi hiyo ni ya siku moja, njo maana kinakunywiwa kila siku. Ukiacha, dawa inaisha mwilini ndani ya siku chache tu. Hairundikani tumboni, haichomi kizazi.

Sasa tuangalie maisha yetu. Wengi tulivuka ziwa kutoka Kigoma na paketi moja ndani ya mufuko. Tulipofika huku, kwanza nyumba, kwanza shamba. Paketi ikaisha, na kituo cha afya kiko mbali kwa muguu. Mama anaacha dawa bila kuamua kuacha. Ni pale hatari inaingia.

Jambo la kwanza: mimba inaweza kuja upesi. Yai linaweza kutoka hata wiki 2 baada ya kuacha, mbele mama hajaona damu ya mwezi. Ile damu inayokuja siku chache baada ya kuacha ni ya kukatika kwa dawa, siyo siku zako za kweli. Basi usihesabu juu yake. Kama hautaki mimba, tumia kondomu toka siku ile paketi imeisha, mpaka upate njia ingine. Kama umekosa siku zako, usiseme "ni dawa ingali inatoka". Pima mkojo. Kipimo kinaaminika wiki 3 baada ya kulala na bwana. Na kama ulikunywa vidonge bila kujua uko na mimba, usiogope: haviharibu mutoto. Acha tu kuvikunywa, uende kupimisha mimba.

Jambo la pili: mimba ikichelewa, siyo kusema imekataa. Kwa wengine siku za mwezi zinayumba miezi 2 ao 3 mbele ya kujipanga. Kati ya wamama 100 wanaoacha vidonge wakitafuta mutoto, karibu 80 wanabeba mimba ndani ya mwaka mmoja. Ni sawa na wale wasiovitumia. Miezi 3 ikipita bila kuona damu, na kipimo kinasema hakuna mimba, nenda umuone muganga.

Jambo la tatu: tusichanganye dawa. Sindano ya miezi 3 ni tofauti. Yenyewe inakawia kutoka, na uzazi unaweza kurudi miezi 10 baada ya sindano ya mwisho, hata mwaka. Haiharibu, inachelewesha tu. Kijiti cha mukono na koili, vikitolewa, uzazi unarudi mara moja. Kwa hiyo mama akisema "nilikuwa kwenye dawa", muulize kwanza: dawa gani?

Tunasema hivi ju ya jamaa moja tuliyoikuta, siyo ya kijiji hiki. Bibi alikuwa ameacha sindano, miezi 7 tu ilikuwa imepita. Bwana alikuwa amekwisha kuongea na ukoo wake juu ya kumurudisha kwao na kudai mahari. Tulikaa nao chini ya mwembe saa nzima tukihesabu miezi kwa vidole. Bwana akanyamaza, kisha akasema: "Nilikuwa tayari kuvunja nyumba kwa hesabu mbaya." Walienda wote wawili kwa kituo, wakapatikana na ugonjwa wa zinaa, wakatibiwa pamoja. Mutoto bado hajakuja. Lakini nyumba ingali imesimama.

Wababa, hapo tuwaombe kitu. Mwaka 1 ukipita munakutana kila mara na mimba haikuje, ao miezi 6 kama mama amepita miaka 35, muende wote wawili. Mara nyingi shida iko kwa mbegu ya baba, ao kwa wote wawili. Kisonono isiyotibiwa inaziba njia za uzazi kwa mama, na inaharibu kwa baba pia. Kumupeleka bibi peke yake ni kutafuta kitu kwa nusu ya nyumba.

Kwa mama anayetaka kuzala: omba vidonge vya asidi foliki mbele ya kubeba mimba, vinalinda ubongo na mugongo wa mutoto. Ukijua uko na mimba, anza kupimisha mapema. Na ukisikia maumivu makali ya tumbo upande mumoja, na siku zako zimekosa, usingoje asubuhi: mimba inaweza kuwa imekaa inje ya kizazi.

Kwa mama aliyezaa karibuni: mwili unaomba miaka 2 mbele ya kutafuta mimba ingine. Wengi wetu tulipoteza watoto njiani, na tunaelewa haraka ya kujaza nyumba. Lakini mama akianguka, nani atalea waliobaki?

Ndugu, chama chetu kinachanga kwa kilio na kwa harusi. Tunaomba kamati ifikiri pia kuchanga nauli ya kituo cha afya kwa mama ambaye paketi yake imeisha. Ni feza kidogo kuliko ile tunayochanga siku ya kilio.

 Sasa maulizo.