ALIIBA MELI USIKU MMOJA, KURA AKAIPIGANIA MIAKA 30



Leo nimekuja na habari za mtu mmoja tu. Jina lake Robert Smalls, wa South Carolina, Marekani. Nisikilizeni hadi mwisho, maana mwisho ndio wenye dawa.

Smalls alizaliwa mtumwa mwaka 1839 katika mji wa Beaufort. Akiwa na miaka 12 bwana wake akampeleka Charleston kufanya vibarua. Aliwasha taa za mitaani, akahudumia hotelini, akabeba mizigo bandarini. Jasho lake, mshahara wa bwana. Akamwoa Hannah, mtumwa mwenzake, wakapata mtoto. Alipouliza bei ya kuwakomboa mke na mwana, akaambiwa dola 800. Hebu fikiri wewe kijana: mwanao mwenyewe unatajiwa bei kama mbuzi wa mnadani!

Mwaka 1861 vikazuka vita kati ya majimbo ya kusini, yaliyong'ang'ania utumwa, na serikali ya Abraham Lincoln. Smalls akawekwa kwenye usukani wa Planter, meli ya jeshi la kusini. Kazi ilikuwa ya rubani, lakini cheo cha urubani wakamnyima. Mweusi awe rubani? Thubutu!

Alfajiri ya Mei 13, 1862, maofisa watatu wazungu walikuwa wamekwenda kulala nchi kavu. Smalls na watumwa wenzake wakawasha moto wa mashine, wakapitia gatini kuwachukua wake na watoto, wakashika njia. Smalls alivaa kofia ya nahodha. Mbele ya mizinga ya ngome ya Sumter akapiga honi kwa ishara ile ile ya kila siku. Walinzi wakampisha. Alipoikaribia manowari ya Lincoln akapandisha shuka jeupe. Meli, silaha na familia, vyote vikavuka.

Wengi wakifika hapo hupiga makofi, wakaenda zao. Mimi nasema subirini. Kuiba meli ilikuwa kazi ya usiku mmoja tu.

Vita vilikwisha mwaka 1865. Mwaka 1868 Smalls, ambaye utumwani hakufundishwa kusoma, alikaa kwenye mkutano wa kuandika katiba mpya ya South Carolina. Wajumbe wengi walikuwa weusi. Katiba hiyo iliwapa wanaume weusi kura, ikaweka shule za umma kwa watoto wote, na Smalls ni mmoja wa walioipigania shule hiyo. Mwaka 1874 akachaguliwa kwenda Bunge la Marekani.

Wenye mashamba hawakulala. Katika uchaguzi wa 1876 magenge ya mashati mekundu yalizunguka na bunduki, yakitisha na kuua. Mwaka 1877, utawala mpya ukiwa umeshika hatamu, Smalls alihukumiwa kwa rushwa ya dola 5,000. Yeye alikana, na mwaka 1879 gavana akamsamehe. Sisemi alikuwa malaika. Nasema kesi ile iliwafaa sana mahasimu wake.

Kisha wakagundua kwamba bunduki ina kelele. Wakahamia kwenye sanduku. Mwaka 1878 zilitumika karatasi nyembamba za kura, zikikunjwa ndani ya karatasi moja, ili mtu mmoja atumbukize kura nyingi. Mwaka 1880 Smalls akatangazwa ameshindwa. Hakususa. Alipeleka malalamiko Bungeni, na mwaka 1882 Bunge likampa kiti chake.

Wakaja na kiini macho kingine mwaka huo huo wa 1882: masanduku manane! Kila cheo sanduku lake. Ukikosea sanduku, kura yako imeharibika. Asiyejua kusoma afanye nini? Na masanduku yenyewe yaliweza kuhamishwa huku na huku.

Mwaka 1895 wakaitisha mkutano wa kuandika katiba upya. Kati ya wajumbe 160, weusi walikuwa sita tu, Smalls akiwa mmoja. Mzee akasimama akawaambia kwamba watu wake hawaombi upendeleo, wanataka nafasi sawa tu. Hawakumsikia. Katiba ile ikamtaka mpiga kura athibitishe kwamba anajua kusoma na kuandika, au awe na mali ya dola 300, na alipe kodi ya kichwa. Neno "mweusi" halikuhitajika. Kila mtu alijua nani anafukuzwa. Smalls alikataa kutia saini.

Alifariki mwaka 1915. Mbunge mweusi wa mwisho wa jimbo lile wa zama zile aliondoka Bungeni mwaka 1897. Aliyefuata, Jim Clyburn, aliingia mwaka 1993. Hesabuni wenyewe: miaka 96!

Sasa dawa yenyewe. Mizinga ya Sumter haikumweza Smalls. Waliomweza walikuwa na kalamu, vikao na vipengele vidogo ambavyo kijana wa kijiweni huona vinachosha. Ushujaa wa usiku mmoja tunaupenda sote. Lakini kura ikilindwa siku ya uchaguzi peke yake, imekwisha kuibwa. Sheria ya uchaguzi inapoandikwa, usiseme hayo ni ya mawakili. Isome. Uliza. Ukiona sanduku limehamishwa, piga kelele siku hiyo hiyo, usingoje miaka 96.