Nyumba Iliyojengwa kwa Ajili ya Wazamao

Yafuatayo ni mazungumzo juu ya kituo cha kuokolea watu baharini cha Chicamacomico, katika nchi ya Marekani.

Wasikilizaji, mtu ajengapo nyumba huwafikiri kwanza watakaolala ndani yake. Lakini katika kijiji cha Rodanthe, pwani ya North Carolina, iko nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu walio nje, yaani wale wanaozama.

Pwani hiyo ni ukanda mwembamba wa mchanga, na mafungu yaliyofichika chini ya maji yamevunja vyombo vingi. Kwa sababu hiyo serikali ya Marekani ilijenga vituo vya waokoaji, na hicho cha Chicamacomico kilijengwa mwaka 1874.

Nyumba hiyo ya kwanza ni ya mbao. Sehemu kubwa ya chini haikuwa ya watu bali ya mashua. Mlango wake ni mpana kupita milango ya nyumba za kawaida, na mbele yake iko njia ya mbao iteremkayo hata mchangani, ili mashua itolewe upesi. Mabaharia wenyewe walilala juu, darini.

Mwaka 1911 ikajengwa nyumba kubwa zaidi. Kuta zake zimefunikwa kwa vibao vya mwerezi, vilivyopangwa kama magamba ya samaki ili mvua na upepo visipenye. Juu ya paa ukawekwa mnara wa mlinzi. Nyumba ya kale ikabaki kuwa banda la mashua, na kando yake yako jiko na mahodhi ya maji ya mvua.

Manufaa ya ujenzi huo yalionekana tarehe 16 Agosti, 1918, wakati wa vita. Mlinzi aliyekuwa mnarani aliona maji yakiruka juu karibu na Mirlo, meli ya Kiingereza iliyochukua mafuta. Mara meli ikashika moto, na bahari yenyewe ikawaka. Nahodha John Allen Midgett na watu wake watano wakaiteremsha mashua yao, wakashindana na mawimbi makubwa, wakapita katikati ya moshi na ndimi za moto. Wakawakuta watu sita wameshikilia mashua iliyopinduka, kisha wakazipata mashua mbili nyingine. Watu 42 wakafika pwani wazima. Serikali ya Uingereza ikawatunukia waokoaji hao medali za dhahabu.

Kituo kilifungwa mwaka 1954, na sasa ni nyumba ya makumbusho. Mashua ile ile, namba 1046, ingali imewekwa katika nyumba ya mwaka 1874.

Basi, wasikilizaji, walinzi walikesha katika mnara ule siku nyingi pasipo kuona kitu ila maji. Pengine mpita njia alidhani ni kazi bure. Lakini watu 42 wa Mirlo walijua maana yake. Wazee walisema kweli: tahadhari kabla ya hatari.