Asilimia ya Nini? Maswali Matano ya Kuuliza Hewa ya Ukaa Ikitajwa Mdahaloni

1/ Haya ni maandishi ya mazungumzo yetu ya sauti ya wiki hii, kwa wale waliopotelewa na stima na wale ambao bando iliisha katikati. Sheria yetu ni ileile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachukua hoja inayorushwa kwenye midahalo, tunaifungua, tunaangalia ndani kuna nini.

2/ Hoja ya leo mmeisikia. Mmoja anasimama na kusema: hewa ya ukaa inayotoka Kenya imeongezeka takriban mara mbili tangu 2000, na Uingereza imepunguza yake kwa karibu nusu tangu 1990, kwa hivyo sisi ndio tunazembea. Mwenzake anamjibu: Kenya haifikishi hata asilimia 0.1 ya dunia nzima, wacheni tuchome makaa ya mawe tujenge viwanda. Ukumbi unapiga makofi mara mbili. Na hapa ndipo pagumu, kwa sababu nambari za wote wawili ni za kweli. Hakuna aliyedanganya. Lakini kila mmoja amekuonyesha upande mmoja wa sarafu.

3/ Kwanza tuelewane. Hewa ya ukaa ni kaboni dayoksaidi, gesi inayotoka tukichoma petroli, dizeli, makaa ya mawe na gesi asilia, na pia tukitengeneza saruji. Ikishapanda hewani inazuia joto lisitoke, dunia inapata joto. Kila mwaka nchi zinahesabiwa: nani ameongeza, nani amepunguza. Hiyo orodha ndiyo inayobebwa mezani nchi zinapojadili nani atalipia hasara, nani apewe mkopo na nani apewe ruzuku. Kaunti zetu za kaskazini zilikosa mvua misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, mifugo ikaisha. Mwaka 2024 mafuriko yakaua karibu watu 300 humu nchini. Kwa hivyo usidhani haya ni mambo ya wataalamu peke yao. Ukidanganyika kwenye hesabu, utadanganyika kwenye bili.

4/ SWALI LA KWANZA: Ni asilimia ya nini?

Mama mboga akitoka faida ya shilingi 200 kwa siku hadi 300, ameongeza asilimia 50. Mwenye ploti akipandisha kodi kutoka 100,000 hadi 105,000, ameongeza asilimia 5 tu. Ukiangalia asilimia peke yake, utasema mama mboga ndiye anatajirika. Ukiangalia pesa yenyewe, yeye ameongeza mia moja na mwenzake ameongeza elfu tano.

Sasa leta hiyo hesabu kwa nchi. Mwaka 2023 India iliongeza hewa ya ukaa kwa takriban asilimia 7. China iliongeza kwa karibu asilimia 5. Kwa asilimia, India ndiyo ilikimbia zaidi. Kwa tani, India iliongeza karibu milioni 190, na China ikaongeza zaidi ya milioni 500. Sasa utasema nani aliongeza zaidi? Inategemea umeshika rula gani.

5/ Na sisi je? Mafuta na saruji ya Kenya yote kwa mwaka mzima inatoa tani milioni 20 na kidogo. Yaani kile ambacho China iliongeza mwaka huo mmoja, nyongeza tu, ni zaidi ya mara 20 ya kila kitu tulichotoa sisi. Nchi ndogo ikianza kutoka chini, asilimia zake lazima zitaruka. Ukijenga barabara moja kubwa na kiwanda kimoja cha saruji, tayari asilimia imepanda. Kwa hivyo mtu akikuambia "Kenya imeongeza asilimia kadhaa na Marekani imepunguza", muulize: tani ngapi?

6/ SWALI LA PILI: Ukigawa kwa watu, kila mmoja anapata ngapi?

China ndiyo inaongoza duniani kwa jumla, takriban theluthi moja ya hewa ya ukaa yote. Lakini China ina watu bilioni 1.4. Ukigawa, Mmarekani mmoja anatoa karibu tani 14 kwa mwaka, Mchina karibu 8, Mwingereza kati ya 4 na 5, Mhindi karibu 2. Mkenya hafikishi hata nusu tani.

Rudi kwa yule msemaji wa kwanza. Uingereza imepunguza kwa karibu nusu, kweli, na kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe kilifungwa Septemba 2024. Hiyo ni kazi, tuwape haki yao. Lakini hata baada ya kupunguza nusu, Mwingereza bado anatoa karibu mara kumi ya Mkenya. Anayeshuka kutoka ghorofa ya ishirini hadi ya kumi bado yuko juu ya yule aliyepanda kutoka chini hadi ghorofa ya kwanza.

Na kuna kitu kingine kinachofichika hapo. Televisheni inayotengenezwa China ikanunuliwa London, moshi wake unaandikwa kwa jina la China. Hesabu ya kawaida inafuata mahali moshi ulipotokea, haifuati nani aliyenunua. Nchi ikihamisha viwanda ng'ambo, daftari lake linaonekana safi zaidi kuliko kabati zake.

7/ SWALI LA TATU: Tangu lini?

Hapa ndipo mchezo unachezwa sana, jameni. Chagua mwaka wa kuanzia, utachagua jibu. Hewa ya ukaa ya Marekani ilifika karibu kilele mwaka 2005, zaidi ya tani bilioni 6. Mwaka 2023 ilikuwa chini ya bilioni 5. Ukipima tangu 2005, imeshuka kwa karibu asilimia 20. Ukipima tangu 1990, mwaka ambao Ulaya inautumia, kushuka kwenyewe hakufiki hata asilimia 10. Nchi ni ileile, moshi ni uleule.

Ulaya nayo inaupenda 1990 kwa sababu zake. Baada ya mwaka huo viwanda vingi vikuukuu vya mashariki, pamoja na vile vya iliyokuwa Ujerumani Mashariki, vilifungwa. Sehemu ya kushuka ilikuja bila sera yoyote ya mazingira.

8/ Na mwaka mmoja peke yake ndio unadanganya zaidi. Mwaka 2020 dunia ilishusha hewa ya ukaa kwa takriban asilimia 5. Kwani tulikuwa tumetubu? Hapana, tulikuwa tumefungiwa nyumbani na korona. Mwaka 2021 karibu yote ikarudi. Mwaka 2023 ukame ulipunguza umeme wa maji nchini China, Marekani na kwingineko, mitambo ya makaa na mafuta ikaziba pengo, na pengo hilo lilichangia zaidi ya asilimia 40 ya ongezeko la dunia mwaka huo. Hata hapa kwetu, mabwawa ya Mto Tana yakikauka, majenereta ya mafuta yanawashwa, na wewe unaona tofauti kwenye tokeni zako. Kwa hivyo kiongozi akijisifu kwa mwaka mmoja mzuri, uliza kama ni sera yake au ni mvua. Na akilaumiwa kwa mwaka mmoja mbaya, mpe haki hiyohiyo.

9/ SWALI LA NNE: Umepunguza kuliko nini?

Hili naomba mlisome polepole, kwa sababu linatuhusu moja kwa moja.

Tuseme mwezi uliopita ulinunua kilo mbili za sukari. Mwezi huu ulikuwa umepanga kununua nne, ukanunua tatu. Unaweza kwenda kwa jirani ukasema, "Nimepunguza sukari kwa asilimia 25!" Na ni kweli, umepunguza kuliko ulivyopanga. Lakini nyumbani imeingia sukari nyingi kuliko mwezi uliopita.

Kenya iliahidi, katika mpango wake ulioboreshwa Desemba 2020, kupunguza asilimia 32 ifikapo 2030. Inasikika kama tutakata theluthi ya tunachotoa leo. Sivyo. Ni asilimia 32 chini ya makadirio ya kile ambacho tungetoa 2030 tusipochukua hatua, yaani tani milioni 143. Toa asilimia 32, unabaki na takriban milioni 97. Mwaka 2015 tulikuwa na milioni 93.7. (Usichanganye hizi na zile milioni 20 za awali. Hapa wamejumlisha gesi zote, ikiwemo ya mifugo na ya ukataji wa misitu, ambazo kwetu ndizo nyingi.)

10/ Sasa, je, huo ni ulaghai? Mimi nasema hapana. Nchi ambayo watu wake wengi bado wanapikia kuni haiwezi kuambiwa ishushe kama nchi iliyokwisha kujenga reli, viwanda na hospitali zake. Kukua polepole kuliko ilivyotarajiwa ni ahadi halali. Lakini mwanasiasa akisimama na kusema "tutapunguza asilimia 32" bila kusema kuliko nini, amekunyima nusu ya habari. Na mpinzani wake akisema "serikali inataka kufunga theluthi ya uchumi wetu", huyo naye amekunyima nusu nyingine.

Wakubwa pia hucheza hivyo. China iliahidi kwamba ifikapo 2020 itakuwa imepunguza asilimia 40 hadi 45 ikilinganishwa na 2005. Ilitimiza. Lakini ilikuwa ikipima moshi kwa kila yuani ya uchumi. Tani zenyewe zilipanda kutoka karibu bilioni 6 hadi zaidi ya bilioni 10.

11/ SWALI LA TANO: Na ile ya zamani je?

Hewa ya ukaa haiishi Desemba 31. Sehemu kubwa inakaa hewani kwa mamia ya miaka. Fikiria tangi juu ya paa: ukipunguza mfereji kidogo, maji bado yanapanda, ila polepole. Ndiyo maana hata 2020, mwaka ule wa korona, kiwango cha gesi hii hewani kiliendelea kupanda. Kabla ya enzi za viwanda kilikuwa sehemu 280 hivi kwa kila milioni. Leo kimepita 420.

Nani aliyejaza tangi? Ukijumlisha tangu viwanda vianze, Marekani peke yake imechangia karibu robo. Afrika nzima, na watu wetu wote zaidi ya bilioni, ni takriban asilimia 3. Jedwali la mabadiliko ya mwaka mmoja haliwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu linaanza kuhesabu jana.

12/ Sasa wale wa upande wa pili msikimbie na makofi. "Sisi ni asilimia 0.1 kwa hivyo tuchome tu" ni hoja yenye mguu mmoja. Udogo wetu unatupa haki ya kudai wakubwa walipe. Hautuambii kama kuchoma makaa ya mawe ni biashara nzuri kwetu.

Angalia Lamu. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipangwa huko, na makaa yenyewe kwanza yangeagizwa kutoka nje. Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni yake. Wakazi hawakushinda kwa hesabu ya asilimia za dunia. Walishinda kwa sababu tathmini ya mazingira ilikuwa na kasoro na wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walikuwa wanauliza kuhusu samaki wao, hewa yao na afya ya watoto wao. Na wakati huohuo Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini unazungusha mitambo tangu 1981, na leo mvuke huo ndio unaotoa sehemu kubwa kuliko zote ya stima yetu, takriban asilimia 40. Haungoji meli.

13/ Kwa hivyo mdahalo ujao, nambari ikirushwa, usiangalie imerushwa na nani. Iulize: Asilimia ya nini, na ni tani ngapi? Ukigawa kwa watu, ngapi? Tangu lini, na mwaka huo kulitokea nini? Kuliko nini, jana yetu au makadirio? Na ile ya zamani iko wapi? Nambari ikijibu yote matano, mpe mwenyewe makofi yake hata kama humpigii kura. Ikishindwa na moja, andika chini ya video yao hilo swali moja tu, kwa heshima, bila matusi. Tukiwa wengi watajibu.

14/ Mwenye swali aliache hapa chini, nitapitia yote. Mwenye nambari aliyoisikia kwenye mdahalo na inamkera, ailete tuipitishe kwenye maswali matano pamoja. Wiki ijayo tunafungua deni la taifa, na nawaahidi, ile "asilimia ya nini" tutakutana nayo tena.