Folda Moja, Miradi Mingi: Kushirikisha Msimbo Chanzo kwa Njia Husianifu katika Mifumo Pachikwa

Msimbo wa mifumo pachikwa, yaani programu inayokaa ndani ya mita ya maji, kipimo cha shinikizo la damu au kidhibiti cha pampu, hukua kama mgomba: kando ya mradi wa kwanza huchipua wa pili, kisha wa tatu. Mita ya kwanza ikifaulu, huagizwa nyingine yenye chipu tofauti, lakini draiva ya mawasiliano, hesabu ya CRC na utaratibu wa kuhifadhi mipangilio hubaki vilevile. Hapo ndipo folda hunakiliwa. Siku ya kunakili hakuna kinachoharibika. Uharibifu huja baadaye, hitilafu inaporekebishwa katika nakala moja na kuachwa katika nyingine, na mita zenye nakala hizo zimekwisha kufungwa kwenye kuta za wateja, mahali ambapo mara nyingi fundi hulazimika kuzifuata moja moja.

Dawa yake ni folda moja ya pamoja inayorejelewa na kila mradi. Tuchukulie mfano wa folda kuu yenye folda mbili ndani yake: «pamoja», yenye msimbo wa wote, na «miradi», yenye «mita» na «pampu». Mradi wa mita unaweza kuitafuta draiva kwa njia kamili, inayoanzia kwenye herufi ya diski na kupitia jina la mwenye kompyuta. Njia hiyo hufanya kazi kwenye mashine moja tu. Njia husianifu, kwa mfano ../../pamoja/uart.c, huhesabiwa kutoka mahali fulani: kila jozi ya nukta ni kupanda ngazi moja. Folda kuu ikihamishwa nzima, uhusiano wa vilivyomo haubadiliki.

Ugumu wote umo katika neno «mahali fulani», na ndipo wengi hukwama. Njia husianifu haina maana mpaka ijulikane inahesabiwa kutoka wapi, na kila chombo kina mahali pake. Agizo la #include lenye jina ndani ya alama za kunukuu humfanya kompaila wa GCC atafute kwanza katika folda ya faili lenye agizo hilo, kisha katika folda zilizotajwa kwa -I. Lakini folda hizo za -I, zikiwa husianifu, huhesabiwa kutoka folda ambamo kompaila ameitwa. Ndiyo sababu katika vyombo vilivyojengwa juu ya Eclipse, kama STM32CubeIDE, ambamo kompaila huitwa ndani ya folda ya Debug, folda ileile ya pamoja huandikwa ../../../pamoja, ngazi moja zaidi ya ile anayoiona mtu aliyesimama kwenye mradi. IAR hutumia $PROJ_DIR$, yaani folda ya faili la mradi. CMake ina CMAKE_CURRENT_LIST_DIR. Vigezo hivi vya majina vinafaa kupendelewa kuliko nukta tupu, kwa kuwa hutamka waziwazi mwanzo wa hesabu.

Eclipse ina njia nyingine bora: folda kiungo. Folda ya pamoja huonekana ndani ya mradi, ilhali mafaili yamebaki kwao. Kiungo huandikwa katika faili la .project, na mahali pake panaweza kutajwa kama PARENT-2-PROJECT_LOC/pamoja, yaani ngazi mbili juu ya mradi. Baada ya kuunda kiungo inafaa faili hilo lifunguliwe na kusomwa kwa macho, kwani ni rahisi njia kamili kupenya humo, na kwenye mashine ya aliyeunda haitaonyesha kasoro yoyote.

Msimbo kushirikishwa si sawa na matokeo ya kompaila kushirikishwa. Mita inaweza kutumia Cortex-M0+, na pampu Cortex-M4 yenye maagizo ambayo M0+ haiyajui. Kila mradi lazima ukompaili draiva upya kwa vigezo vyake na kuweka matokeo kwake. Hapa Makefile nyepesi huleta madhara yasiyotarajiwa. Ikiwa jina la faili la matokeo hupatikana kwa kuunganisha folda «matokeo» na njia ya chanzo, jibu huwa matokeo/../../pamoja/uart.o. Nukta zikitatuliwa, faili hilo haliko tena ndani ya mradi: limetua katika miradi/pamoja, na mradi wa pampu nao unaliandika palepale. Make ikiona faili ni jipya kuliko chanzo, haikompaili tena, na msimbo wa M4 huingia katika mita. Linka ikiupitisha, chipu husimama kwa HardFault. Kwa hiyo jina la matokeo lisibebe nukta za kupanda; njia ya chanzo iondolewe, kisha VPATH imwonyeshe make pa kutafutia.

Jambo jingine lenye uzito ni mwelekeo wa utegemezi. Miradi huijua folda ya pamoja. Folda ya pamoja isiujue mradi wowote. Mfano mzuri ni FreeRTOS, mfumo endeshi wa mifumo pachikwa, iliyoanzishwa na Richard Barry mwaka 2003. Kiini chake huomba faili liitwalo FreeRTOSConfig.h bila kutaja liliko, na kila mradi huweka lake katika folda zake za -I. Chanzo ni kimoja, mipangilio ni ya kila mmoja. Draiva ya pamoja inayoandika #include "../miradi/mita/pini.h" imekwisha kuwa mali ya mita, hata kama bado inakaa katika folda ya wote.

Arduino IDE ina tabia yake: hunakili mchoro (sketch) kwenye folda ya muda kabla ya kukompaili, hivyo njia ya kupanda nje ya mchoro huvunjika. Huko msimbo wa pamoja huwekwa kama maktaba.

Mifumo endeshi ya kompyuta nayo ina tofauti zake: Windows kwa kawaida haitofautishi Uart.h na uart.h, Linux hutofautisha. Mkwaju unaoegemea mbele (/) hukubaliwa na makompaila ya pande zote mbili, kwa hiyo utumike huo. Tena, __FILE__ ndani ya assert huingiza njia ya faili katika programu yenyewe. Njia kamili ikitumika, mashine mbili huzalisha programu zisizofanana kwa msimbo uleule. GCC 8 na matoleo yaliyofuata yana -ffile-prefix-map ya kurekebisha hilo.

Badiliko katika folda ya pamoja hugusa miradi yote papo hapo. Miradi ikikaa katika ripozitori moja, badiliko moja huonekana kwa wote na hujaribiwa kwa wote. Ikikaa katika ripozitori tofauti, submodule ya Git huiweka folda ya pamoja ndani ya kila mradi, ikiwa imefungwa kwenye toleo mahususi. Mita iliyokwisha kuidhinishwa hubaki na toleo lake hadi mtu aamue kulisogeza.

Mpangilio hupimwa kwa kuchukua ripozitori upya katika folda yenye jina jingine, kwenye mashine ya mtu mwingine, ikiwezekana ya Linux, kisha kujenga miradi yote kwa amri moja bila kugusa mpangilio wowote.