FAIDA NA HASARA ZA KUCHUKUA SIMU YA MKONONI KATIKA UVUVI

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na maafisa, Chemchem, Tabora, katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Tumepewa heshima ya kusema machache katika siku hii ya furaha. Huenda wako watakaouliza: wakulima wa tumbaku, karanga na asali wana shauri gani na uvuvi? Jibu haliko mbali. Wengi wetu, mavuno yakisha kuuzwa, hushika nyavu na ndoana katika mito na mabwawa ya mkoa huu, katika Mto Malagarasi, na katika Ziwa Sagara kule Kaliua. Vijana wetu wengine hupanda gari moshi hadi Kigoma kutafuta kazi katika mitumbwi ya dagaa. Na hata asiyevua kamwe, dagaa wa Kigoma wamo chunguni mwake.

Siku hizi mvuvi huingia majini na simu ya mkononi. Wako waisifuo kama mkombozi, na wako wailaanio kama mharibifu wa kazi. Sisi twataka kuipima kama tupimavyo tumbaku katika mizani, bila kupendelea upande wowote.

Mji wetu wajua thamani ya habari. Mwaka 1857 Burton na Speke walitoka pwani mwezi wa Juni, wakafika hapa, palipoitwa Kazeh, mwezi wa Novemba. Wakaliona Ziwa Tanganyika Februari 1858. Katika siku hizo habari za bei zilikwenda kwa miguu ya wapagazi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nazo habari zikaanza kuhesabiwa kwa siku badala ya miezi. Leo mvuvi aweza kusema na mnunuzi wa Tabora kabla hajaufikisha mtumbwi wake ufukoni. Jambo kubwa kama hili haliwezi kukosa faida, wala haliwezi kukosa hasara.

FAIDA ZAKE

Faida ya kwanza ni uhai. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, na kina chake hufika meta 1,470. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hupumzika. Basi mvuvi huyu hufanya kazi saa ambayo jicho haliwezi kuliona wingu linalokuja. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri na tahadhari za upepo na mawimbi, na simu yaweza kumfikishia mvuvi tahadhari hizo kabla hajang'oa nanga. Katika Ziwa Viktoria hukadiriwa kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa maji kila mwaka. Na kati ya mwaka 2017 na 2021 nchi za Afrika Mashariki zilishirikiana katika mradi wa kuwapelekea wavuvi wa ziwa hilo utabiri ulio bora zaidi. Hapana aliyeweza kufanya hivyo kwa tarumbeta.

Faida ya pili ni bei. Mtaalamu wa uchumi, Bwana Robert Jensen, alichunguza wavuvi wa Kerala, nchini India, wakati simu zilipoingia kwao kati ya mwaka 1997 na 2001. Kabla ya hapo kila mvuvi aliuza katika soko la kwao tu. Asubuhi moja ya Januari 1997, wavuvi 11 wa Badagara walikosa wanunuzi wakamwaga samaki wao. Na kumbe katika masoko yaliyo ndani ya kilomita 15 walikuwako wanunuzi 27 waliokosa samaki! Simu zilipoenea, kumwaga samaki kulikoma, faida ya mvuvi ikapanda kwa kadiri ya asilimia 8, na bei kwa mlaji ikashuka kwa kadiri ya asilimia 4. Aliyepata hakumnyang'anya mwenzake; kilichookolewa ni kile kilichokuwa kikioza.

Faida ya tatu ni salama ya fedha. Tangu M-Pesa ianze nchini mwetu mwaka 2008, mvuvi hana lazima ya kurudi nyumbani na burungutu la noti mfukoni. Hulipwa kwa simu, na mkewe hununua unga jioni ile ile.

Ya nne ni njia. Simu kubwa, yenye ramani iliyokwisha wekwa ndani, huonyesha mahali alipo mvuvi kwa kusikiliza satelaiti, hata pasipokuwa na mtandao. Nchi nne hugawana Ziwa Tanganyika, na mpaka hauna uzio. Kitochi, hata hivyo, hakina msaada huo.

HASARA ZAKE

Hasara ya kwanza, nayo ndiyo kubwa, ni ujasiri wa uongo. Mtu mwenye simu hudhani kwamba hayuko peke yake, akasogea mbali kuliko alivyothubutu baba yake. Lakini mnara uko nchi kavu. Kadiri aendavyo mbali, ndivyo sauti ikatikavyo. Betri nayo huisha, hasa kwa kijana aliyesikiliza muziki tangu magharibi. Na maji, ambayo ndiyo adui anayeogopwa, ndiyo ya kwanza kuiua simu saa mtumbwi unapopinduka.

Hasara ya pili ni kupotea kwa mawazo. Mwenye kuongea na simu hushika kasia kwa mkono mmoja. Katika Malagarasi kiboko hangoji mazungumzo yaishe, na mamba hatoi taarifa.

Ya tatu ni deni. Yuko mvuvi aliyekopeshwa nyavu, injini na mafuta na tajiri, kwa sharti la kumwuzia yeye tu. Simu humwambia mvuvi huyo bei ya Tabora, lakini haimpi ruhusa ya kuuza Tabora. Tena sasa tajiri humwuliza kila saa amepata ndoo ngapi. Chombo kile kile kinachomfungua huyu humfunga yule.

Ya nne ni uvunjaji wa sheria. Serikali ilipositisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane, simu ziliweza kusaidia kutangaza agizo hilo. Lakini simu hiyo hiyo huweza kumwonya mwenye nyavu haramu kwamba doria inakuja. Atumiaye simu hivyo anajiibia mwenyewe samaki wa mwaka ujao.

Liko na neno moja ambalo si kweli, nalo ni kwamba simu huvuta radi. Radi hutafuta kilicho juu, na katikati ya maji kilicho juu ni mvuvi mwenyewe, awe na simu au asiwe nayo. Dawa yake ni kurudi ufukoni mapema ngurumo zisikikapo, si kuitupa simu.

SHAURI LETU

Ndugu zetu, tukijumlisha pande zote mbili, twaona kwamba swali la kweli si kama mvuvi achukue simu. Achukue. Swali ni hili: akipiga, nani atapokea? Simu haijapata kumvuta mtu majini. Anayemvuta ni mtu aliyeko ufukoni, aliye macho, mwenye mtumbwi tayari. Pasipo mtu huyo, simu ni kilio cha nyikani.

Hapa ndipo ushirika unapohitajika. Twashauri kwamba kila chama cha msingi chenye wanachama wavuvi kiweke daftari mwaloni, liandikwe jina la kila aingiaye majini, idadi ya walio naye, upande aendako na saa ya kurudi. Awekwe mtu wa zamu mwenye simu iliyojaa chaji, na mtumbwi wa kuokolea usiokodishwa kwa kazi nyingine. Saa ya kurudi ikipita na mtu hajaonekana, asingojwe apige, atafutwe.

Kwa mvuvi mwenyewe twasema hivi. Simu na ifungwe katika mifuko miwili ya plastiki, ining'inizwe shingoni, isikae mfukoni. Izimwe mpaka itakapohitajika. Mtandao ukiwa dhaifu, atume ujumbe mfupi, maana huo waweza kupenya pale sauti isipopenya. Namba za mwalo azijue kwa moyo, kwa kuwa simu ya mwenzake haizijui. Na zaidi ya yote, aliyeweza kununua simu asikose jaketi okozi. Jaketi halihitaji mnara wala betri.

Kwa Bodi twasema: deni la mvuvi halivunjwi na simu, bali na mkopo wa haki wa nyavu kutoka katika chama chake. Miaka 10 iliyopita tuliungana ili mkulima asipangiwe bei na mtu mmoja. Mkulima huyo huyo, akishika wavu, asiachwe peke yake.

Wazee walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Simu mkononi mwa mvuvi ni kinga kimoja. Cha pili kiko mikononi mwetu sisi tulio nchi kavu. Mungu akibariki Chama chetu na kukifikisha miaka mingi mingine.