Rovu, au Uvimbe wa Shingo

Somo letu leo ni rovu, yaani ule uvimbe wa mbele ya shingo.

Shikeni shingo zenu, chini kidogo ya kikoromeo, kisha mmeze mate. Hapo pana tezi yenye umbo la kipepeo. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoongoza joto la mwili, mapigo ya moyo na ukuaji wa mtoto. Ili iifanye kazi hiyo yataka iodini, ambayo hapa Tanzania twaiita madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Ya maisha yake yote ni kama kijiko kimoja cha chai.

Iodini nyingi imo baharini. Huko milimani, kama Iringa, Mbeya na Ruvuma, mvua za karne nyingi zimeiosha udongoni, na mazao ya huko huwa nayo kidogo mno. Homoni zikipungua, ubongo huihimiza tezi ijitahidi zaidi, nayo huvimba kwa jitihada hiyo. Basi si uchawi, na kuchanja shingo kwa wembe hakutii iodini mwilini. Huleta vidonda tu.

Lakini shingo siyo hasara kubwa. Mama mja mzito akikosa iodini, alipaye ni mtoto aliye tumboni. Ubongo wake haukui sawasawa, na upungufu ukizidi huweza kuzaliwa kiziwi au mwenye akili iliyodumaa. Hasara hiyo hairekebishiki baadaye. Darasani mwalimu humwita mvivu, na fimbo haimsaidii.

Uswisi ilianza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922; kwetu sheria imedai hivyo tangu miaka ya 1990. Lakini chumvi ikiachwa wazi, penye jua au unyevu, iodini hupotea. Iwekeni katika chombo chenye kifuniko, na muitie chakula kikikaribia kuiva.

Rovu kubwa la siku nyingi haliishi kwa chumvi. Tena, si kila rovu limetokana na upungufu wa iodini. Kuna tezi zinazofanya kazi kupita kiasi: mtu hukonda ingawa anakula, mikono hutetemeka, moyo humwenda mbio. Mwenye dalili hizo, au ambaye uvimbe wake unakua upesi, sauti inakwaruza, au kumeza na kupumua kumekuwa taabu, aende hospitali bila kungoja mavuno. Daktari atampapasa shingo na kumtoa damu kidogo ya kupima.