Piga Hodi Kabla ya Kutuma

(Mawaidha yaliyotolewa kwa vijana na wazazi katika darsa ya Ramadhan)

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mlioko hapa, leo tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekizima kabla ya kuingia hapa. Simu.

Naanza na kisa. Mwenyewe nimemuomba ruhusa, na jina lake silitaji. Dada mmoja alikwenda kwenye kupamba. Mwajua, kupamba ni usiku wa wanawake watupu; buibui huvuliwa, mtu akakaa kwa raha zake. Shogake akampiga picha, akaiweka kwenye status ya WhatsApp. Hakuwa na nia mbaya, alimuona mwenzake amependeza tu. Tena alijua baada ya saa 24 itaondoka yenyewe. Lakini mtu alishainakili. Kufika asubuhi picha iko kwa wavulana wa mtaani, na ami yake akaiona. Mashoga wa tangu madrasa wakakaa miaka miwili hawasemezani, na hali Mtume (S.A.W.) amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu.

Sasa hebu tujiulize, kosa ni la simu? Simu haina akili. Wenye akili ni sisi. Katika Surat An-Nur, aya ya 27, tumefundishwa tusiingie nyumba za watu mpaka tupige hodi na kuwatolea salamu wenyewe. Basi picha ya mwenzio, namba yake, na yale aliyokuandikia usiku akiwa na dhiki, hiyo nayo ni nyumba yake. Na Surat Al-Hujurat, aya ya 12, yatukataza kupelelezana na kusengenyana. Kupeleka maneno ya mtu kwenye group ili acheke kila mtu, hilo si sengenyo?

Wako wasemao, "Mimi sina la kuficha." Sawa, lakini rafiki zako je? Mwaka 2018 ilibainika kuwa watu kama 270,000 tu walitumia programu moja ya maswali kwenye Facebook, nayo ikachota habari za marafiki zao pia. Facebook wenyewe walikadiria kuwa huenda watu milioni 87 waliguswa, na habari zikafika kwa kampuni ya Cambridge Analytica. Wengi wao hawakubonyeza chochote. Mlango ulifunguliwa na rafiki.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini mara nyingi mtu huikimbilia maji yakishamwagika. Kwa hivyo uliza kabla ya kutuma. Ukiletewa siri ya mtu, ikomee kwako, uifute. Nanyi wazazi, mtoto mdogo hawezi kukukatalia; mhifadhieni picha zake.

Wale mashoga, alhamdulillah, wamepatana. Aliyepiga picha alikwenda na sahani ya futari, akaomba radhi, wakalia pamoja. Lakini ile picha hakuna awezaye kuirudisha.

Tumefunga matumbo, tufunge na vidole. Mwenyezi Mungu atusitiri na atutakabalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.